Sumu Zinapokutana Mwilini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mazingira, Saratani na Magonjwa Sugu

Tunaposema sumu mchanganyiko tunazungumzia nini hasa?

Ni jumla ya kila kinachoingia au kuugusa mwili kwa hewa, maji, chakula na ngozi, pamoja na vitu ambavyo si kemikali: mionzi, joto kali, kelele, virusi. Hakuna anayevuta kitu kimoja peke yake. Moshi wa sigara tu una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Hata masizi ambayo daktari Percivall Pott aliyahusisha mwaka 1775 na saratani ya ngozi ya korodani kwa wasafisha dohani wa Uingereza yalikuwa mchanganyiko. Sayansi ilianzia kwenye mchanganyiko, kisha ikatumia karne mbili kuuchambua kitu kimoja kimoja, na sheria nyingi zikabaki huko huko.

Sumu mbili zikikutana, madhara yake hujumlishwa au huzidishana?

Yote mawili hutokea, na mara nyingine moja huzuia nyingine. Mfano unaojulikana zaidi ni asbesto (madini ya nyuzi yanayotumika kuzuia joto) na sigara. Mwaka 1979 watafiti Hammond, Selikoff na Seidman walitoa takwimu za vifo vya saratani ya mapafu miongoni mwa mafundi wa kufunga vizuia joto nchini Marekani, wakiwalinganisha na watu wasiofanya kazi hiyo. Kwa kila watu 100,000 kwa mwaka:

– wasiovuta sigara na wasioshika asbesto: vifo 11
– walioshika asbesto bila kuvuta: 58
– waliovuta bila kushika asbesto: 123
– waliofanya yote mawili: 602

Fanya hesabu mwenyewe. Asbesto imeongeza vifo 47 juu ya vile 11 vya kawaida, sigara imeongeza 112. Kama madhara yangekuwa yanajumlishwa tu, kundi la mwisho lingekuwa na vifo 170. Vilikuwa 602. Kwa upande mwingine, asbesto huongeza hatari mara tano hivi na sigara mara kumi na moja. Ukizidisha, unafika karibu kabisa na mara 55 zilizoonekana.

Mfano wa pili ni ini. Katika utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai, walioonyesha dalili za kula sumukuvu (aflatoksini) walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4, wenye virusi vya homa ya ini B mara 7.3, na wenye vyote viwili mara 59.4.

Lakini si kila jozi huzidishana. Sumu nyingi zinazofanana kimaumbile na kushambulia kiungo kile kile hujumlishwa tu, na hiyo ndiyo dhana ya kuanzia nayo mpaka ushahidi useme vinginevyo.

Kwa nini zizidishane?

Seli haigeuki kuwa saratani kwa hatua moja. Lazima DNA iharibike, uharibifu usirekebishwe, seli igawanyike, ikwepe kinga ya mwili, ijipatie mishipa ya damu. Sumu moja ikisukuma hatua ya kwanza na nyingine ya tatu, kila moja huipa nguvu mwenzake. Kwenye ini, sumukuvu huacha jeraha kwenye jeni la TP53, ambalo kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika. Virusi navyo huua seli za ini na kulilazimisha ini litengeneze nyingine haraka, hivyo jeraha hunakiliwa kabla halijarekebishwa.

Njia ya pili ni kuziba mlango wa kutokea. Mwaka 1976 nchini Pakistan, kati ya wapulizaji wa dawa ya kuua mbu wa malaria wapatao 7,500, inakadiriwa 2,800 waliugua na watano wakafa kwa malathioni, dawa iliyohesabiwa kuwa miongoni mwa zisizo kali sana kwa binadamu. Chanzo kilikuwa uchafu uitwao isomalathioni uliokuwemo ndani ya dawa. Uchafu huo ulizuia kimeng'enya ambacho kwa kawaida huivunja malathioni mwilini. Kifungashio kilitaja sumu moja. Wafanyakazi walikutana na mbili.

Njia ya tatu ni kufungua mlango wa kuingilia. Joto na jasho huongeza kiasi cha viuatilifu kinachopenya ngozi. Upungufu wa chuma na kalsiamu mwilini hufanya utumbo unyonye madini ya risasi zaidi, ndiyo maana mtoto mwenye lishe duni huumia zaidi na vumbi la rangi lile lile. Pombe, kwa upande wake, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyogeuza baadhi ya viyeyushi (vimiminika kama thina) kuwa sumu kali kuliko vilivyoingia.

Inawezekana kila kemikali iwe chini ya kiwango kinachoruhusiwa, na bado mtu adhurike?

Ndiyo. Viwango vingi huwekwa kwa kemikali moja moja, kana kwamba ndiyo pekee iliyopo. Mwaka 2002 Andreas Kortenkamp na wenzake walichanganya kemikali nane dhaifu zinazoiga homoni ya estrojeni, kila moja ikiwa chini ya kipimo kinachoonyesha athari ikiwa peke yake. Kwa pamoja zilitoa athari iliyopimika wazi. Huo ulikuwa mtihani wa maabara kwa kutumia seli za hamira, si watu, lakini ulivunja hoja ya kwamba sifuri nane ni sifuri.

Mwaka 2015 kundi la wanasayansi 174 kutoka nchi 28, waliojulikana kama Mradi wa Halifax, walipitia kemikali 85 zisizohesabiwa kuwa visababishi vya saratani. Waligundua kuwa 50 kati yake huathiri hatua mojawapo ya safari ya saratani kwa dozi ndogo kama zile zinazopatikana kwenye mazingira. Hilo halithibitishi kwamba mchanganyiko wao unaleta saratani kwa watu. Linaonyesha kwamba swali ni halali na kwamba kupima kimoja kimoja hakuwezi kulijibu. Anayekuambia limeshathibitishwa anatia chumvi, na anayesema ni uzushi hajausoma ushahidi.

Mchanganyiko unapimwaje kwa vitendo?

Kuna hesabu rahisi inayotumika viwandani na katika tathmini za hatari. Kwa kila kemikali, gawa kiasi kilichopimwa kwa kiwango kinachoruhusiwa, kisha jumlisha majibu ya zote zinazoshambulia kiungo kimoja. Jumla ikizidi 1, mchanganyiko umepita kiwango hata kama hakuna kemikali iliyopita.

Chukua karakana ya rangi yenye viyeyushi vitatu vinavyolevya ubongo. Cha kwanza kiko asilimia 40 ya kiwango chake, cha pili 35, cha tatu 40. Yaani 0.40 + 0.35 + 0.40 = 1.15. Kila karatasi ya maabara itasema "sawa", na jumla inasema hapana.

Kama zamu ni ndefu, punguza kiwango kwanza. Viwango vya kazini huchukulia saa 8 za kazi na saa 16 za mwili kujisafisha. Kanuni ya Brief na Scala ni (8 ÷ saa za zamu) × (saa za kupumzika ÷ 16). Zamu ya saa 12 inatoa (8 ÷ 12) × (12 ÷ 16) = 0.5, maana yake kila kiwango kikatwe nusu. Karakana yetu ya 1.15 sasa ni 2.30.

Hesabu hiyo hukosewa wapi?

Kosa kubwa kuliko yote ni kuipa sifuri kemikali isiyo na kiwango. Kukosa kiwango mara nyingi ni kukosa utafiti. Iandike kando kama "haijulikani", usiiache ipotee kwenye jumla.

La pili ni kupima hewa tu wakati sumu inapita kwenye ngozi. Viyeyushi na viuatilifu vingi hupenya ngozi vizuri, na kuna glavu zinazopitisha kiyeyushi ndani ya dakika chache. Glavu nyembamba za hospitali si kinga dhidi ya thina.

La tatu ni siku ya kupima. Kipimo kikichukuliwa siku ambayo milango imefunguliwa na nusu ya mashine zimezimwa, kinapima siku hiyo tu.

Halafu kuna jozi zinazoikataa hesabu yenyewe. Kiyeyushi kiitwacho heksani huharibu neva za miguu na mikono; kingine, methili ethili ketoni, peke yake hakina kawaida hiyo, lakini zikiwa pamoja uharibifu wa heksani huongezeka. Kiyeyushi cha toluini pamoja na kelele huharibu usikivu zaidi ya kelele peke yake, wakati mkaguzi wa kelele na mkaguzi wa kemikali huwa watu wawili wasiosomeana ripoti.

Kitu kikiwa "Kundi la 1" la saratani, kina hatari sawa na vingine vya kundi hilo?

Hapana, na hapa wengi hupotea. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) hupanga makundi kwa nguvu ya ushahidi, si kwa ukubwa wa hatari. Kundi la 1 maana yake ushahidi unatosha kwamba kitu husababisha saratani kwa binadamu. Asbesto, sumukuvu, benzini, radoni (gesi ya mionzi itokayo ardhini), moshi wa dizeli (tangu 2012), uchafuzi wa hewa ya nje (tangu 2013) na nyama iliyosindikwa (tangu 2015) vyote vimo humo, lakini kipande cha soseji si sawa na kukata bomba la asbesto.

Je, ni saratani tu? Magonjwa sugu yanaingiaje?

Kwa idadi ya watu, magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo mzigo mkubwa zaidi. Chembe ndogo za vumbi na moshi, zenye upana usiozidi mikroni 2.5, hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko huamsha uvimbe unaosambaa kupitia damu, na kwa miaka mingi huchangia mshtuko wa moyo, kiharusi, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na kisukari cha aina ya pili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo.

Madini ya risasi hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadmiamu hujikusanya kwenye figo kwa miongo. Mmea wa tumbaku huifyonza kwa wingi kutoka ardhini, kwa hiyo mvutaji huanza na akiba hata kabla hajaingia kiwanda cha betri. Aseniki kwenye maji ya kunywa huchangia saratani za ngozi, kibofu na mapafu, na pia magonjwa ya moyo.

Utaona viungo vile vile vikirudi: figo, mishipa, mapafu, ini. Figo iliyodhoofishwa na kadmiamu, ikaongezewa risasi, joto kali la kazini na dawa za maumivu zinazomezwa kila siku, haiulizi ni nani aliyepiga pigo la mwisho.

Basi tunaweza kusema asilimia ngapi ya saratani inatokana na mazingira?

Swali hili lina mtego. Rudi kwenye takwimu za asbesto. Kati ya vifo 602, kama hakuna aliyevuta sigara vingebaki 58; kwa hiyo asilimia 90 vinatokana na sigara. Kama hakuna asbesto vingebaki 123. Kwa hiyo asilimia 80 vinatokana na asbesto. Jumla ni asilimia 170, na hakuna kosa lolote la hesabu. Visababishi vinavyoshirikiana hugawana vifo vile vile, kwa hiyo asilimia zao hazilazimiki kuishia 100. Ukisikia mtu anasema "sigara ni asilimia 90, basi kiwanda hakiwezi kuzidi 10", hapo ndipo hesabu imepindishwa, na mara nyingi imepindishwa mahakamani na anayetakiwa kulipa fidia.

Kwa mgonjwa habari hii ina upande mzuri: sumu zinapozidishana, kuondoa moja tu huangusha sehemu kubwa ya hatari.

Ina maana aliyeshika asbesto zamani bado atafaidika kuacha sigara?

Sana. Nyuzi za asbesto hazitolewi mapafuni, ila sigara inaachwa. WHO inaeleza kwamba miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na hatari ya ugonjwa wa moyo hufika nusu ndani ya mwaka mmoja tu. Isipokuwa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu: hiyo hutokana na asbesto, na kuacha sigara hakuipunguzi.

Madhara huchukua muda gani kuonekana?

Mesothelioma kwa kawaida miaka 20 hadi 50. Saratani za damu huweza kujitokeza mapema zaidi, ndani ya miaka michache. Kwa hiyo eneo la kazi lisilo na mgonjwa leo halijathibitisha lolote.

Watoto na wajawazito?

Mtoto huvuta hewa, hunywa na hula zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, hutambaa penye vumbi, na viungo vyake bado vinajengwa. Wakati unaweza kuwa na uzito kuliko dozi. Mwaka 1971 ilionekana kwamba wasichana waliopata saratani adimu ya uke walikuwa tumboni wakati mama zao wakipewa dawa ya DES, estrojeni ya kutengenezwa. Mama walimeza, ugonjwa ukajitokeza kwa mabinti miaka 15 hadi 20 na zaidi baadaye.

Kuchemsha maji kunaondoa sumu?

Kunaua vimelea. Aseniki, nitrati na risasi hubaki, tena hukolea kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke. Chujio la osmosisi rejeshi hupunguza zote tatu. Chujio la mkaa peke yake haliondoi nitrati, na lisipobadilishwa kwa wakati huacha kufanya kazi bila dalili yoyote. Penye mabomba ya zamani ya risasi, acha maji yatiririke kwanza asubuhi na usipikie maji ya bomba la moto. Usiache kutibu maji kwa klorini kwa kuogopa mabaki yake: kuhara huua upesi zaidi na kwa uhakika zaidi.

Barakoa ipi inafaa?

Inategemea ni vumbi au mvuke. Barakoa ya N95 au FFP2 inayoshika uso vizuri huzuia chembe, lakini mvuke wa thina, petroli au kiuatilifu hupita kana kwamba hakuna kitu. Mvuke unahitaji kifaa chenye kichujio cha mkaa kwa ajili ya gesi za kikaboni. Ndevu huvunja mshiko wote. Kichujio kilichoachwa wazi mezani huendelea kufyonza mvuke na kuisha. Kihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, na usingoje harufu ikuambie kimekwisha, kwa sababu baadhi ya sumu hudhuru kabla ya kunusika.

Vitamini na dawa za "kusafisha sumu" zinasaidia?

Fedha hiyo weka kwingine. Mwaka 1994 utafiti wa Ufini uliowapa wavutaji sigara beta-karotini uligundua saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18. Utafiti wa pili, CARET, uliwahusisha wavutaji na wafanyakazi wa asbesto nchini Marekani waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake baada ya kuonekana ongezeko la asilimia 28. Kidonge nacho ni kemikali mojawapo ndani ya mchanganyiko.

Nipime nini?

Pima kile ambacho una sababu ya kukishuku. Risasi hupimwa kwa damu. Tone la kidoleni likionyesha kiwango kikubwa, rudia kwa damu ya mshipa, maana vumbi la ngozini hudanganya. Jibu huonyesha wiki zilizopita hivi. Risasi iliyohifadhiwa mifupani haionekani vizuri hapo. Aseniki hupimwa kwa mkojo, na ni lazima ukae angalau siku tatu bila samaki na viumbe vya baharini, la sivyo utaona aseniki ya chakula isiyo na madhara makubwa. Alama za benzini hutoka mwilini upesi, kwa hiyo sampuli ichukuliwe mwisho wa zamu. Kataa kipimo cha mkojo unachofanyiwa baada ya kupewa dawa ya kuvuta madini: dawa hiyo hupandisha kiwango kwa mtu yeyote, na hakuna viwango vya kulinganishia.

Nianze na nini kupunguza hatari?

Kwa mpangilio huu, ambao ni maoni yetu kutokana na uzito wa ushahidi: sigara yako na ya walio karibu, moshi wa kupikia ndani, kazi, chanjo ya homa ya ini B, ambayo mtoto anapaswa kuipata ndani ya saa 24 za kuzaliwa, nafaka na karanga zenye kuvu, ambazo huchambuliwa na kutupwa kwa sababu kupika hakumalizi sumukuvu, kisha radoni, ambayo hupimwa kwa kifaa kidogo kinachoachwa chumba cha chini kwa miezi mitatu au zaidi, WHO ikipendekeza isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo. Vyombo vya plastiki na vipodozi vinakuja baada ya hapo, ingawa ndivyo vinavyopigiwa kelele zaidi.

Kazini, kuondoa sumu au kubadilisha kemikali huja kwanza, kisha kufyonza hewa kwenye chanzo, barakoa mwisho. Nguo za kazi zifuliwe peke yake: wake wa wafanyakazi wa asbesto wamepata mesothelioma kwa kukung'uta nguo za waume zao. Nyumbani, deki kwa maji badala ya kufagia vumbi kavu, na usichanganye dawa ya klorini na amonia wala tindikali ya chooni. Gesi inayotoka huumiza mapafu papo hapo.

Nimweleze nini daktari?

Hesabu za dozi mwachie yeye. Wewe mpe historia. Andika kila kazi uliyofanya tangu ya kwanza, miaka mingapi, ulishika nini, kwa kinga gani, na wenzako waliugua nini. Ongeza nishati ya kupikia, chanzo cha maji, miaka ya sigara na idadi kwa siku, pombe, na dawa zote pamoja na za mitishamba. Kama unaweza, chukua karatasi za usalama za kemikali kutoka kazini au piga picha lebo za mapipa. Sema pia kazi ya mzazi na ya mwenza wako. Swali hilo huachwa mara nyingi, na kwenye mesothelioma ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani, jibu huwa hapo.